Struga: Lugha Ndogo Iliyokaribisha Washairi wa Dunia



Mwezi wa Agosti, wakati ambapo wakazi wa Makete na Njombe hawatoki nje alfajiri bila makoti, huko Ulaya ya Kusini kiangazi huwa kimekolea. Katika mwezi huo, kila mwaka, mji mdogo uitwao Struga, ulioko katika nchi ya Makedonia ya Kaskazini, hupokea washairi. Huja kutoka pande zote za dunia. Hukaa siku kadhaa kando ya ziwa, husoma tungo zao mbele ya umma, hujadiliana na watafsiri wao, hutembea pamoja, kisha hurudi makwao. Mkutano huo huitwa Jioni za Ushairi za Struga. Ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na umekuwa mmojawapo wa mikutano ya ushairi yenye umri mrefu kuliko yote duniani.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mji huo hautajwi hapa kwa kuwa ni wa Ulaya. Kasumba ya kuthamini kila kilichotoka ng'ambo imekwisha kukemewa vya kutosha, na hapana haja ya kuirudisha kwa mlango wa nyuma. Unatajwa kwa kuwa watu wake ni wachache, lugha yao ni changa katika maandishi kuliko Kiswahili, na hata hivyo wamefanya jambo ambalo mataifa yenye lugha kubwa zaidi hayajathubutu kulifanya: wameifanya lugha yao kuwa mwenyeji wa lugha nyingine.

Mji wenyewe uko ukingoni mwa Ziwa Ohrid, karibu na mpaka wa Albania. Ziwa hilo ni la kale mno, lina kina cha mita zipatazo 288, na maji yake hutoka kwa njia ya mto uitwao Drim Mweusi, ambao unapita katikati ya Struga. Juu ya mto huo kuna daraja. Usiku wa kufunga mkutano washairi husimama darajani, na wasikilizaji, ambao huhesabiwa kwa maelfu, hujipanga kando zote mbili za mto. Anayesoma husoma kwa lugha yake mwenyewe, iwe Kijapani, Kihispania au Kiarabu, kisha shairi lile lile husomwa kwa Kimakedonia. Mkulima aliyekuja na watoto wake husikia kwanza sauti asiyoielewa, halafu husikia maana.

Asili ya mambo haya ni habari ya mwalimu.

Dimitar Miladinov alizaliwa Struga mwaka 1810, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya dola ya Kituruki ya Uthmaniyya. Katika dola hiyo Wakristo wa madhehebu ya Kiorthodoksi walikuwa chini ya maaskofu wa Kigiriki, na kwa hiyo lugha ya shule na ya ibada ilikuwa Kigiriki. Kijana Dimitar alisomea Kigiriki, akahitimu katika Kigiriki, akawa mwalimu wa Kigiriki, na sifa zake zikaenea. Watoto aliowafundisha walizungumza Kislavoni nyumbani, na darasani walinyamaza mpaka wajifunze maneno ya wengine. Hali hiyo haihitaji kuelezwa kwa urefu mbele ya walimu wa Kiafrika.

Mwaka 1845 mwanachuoni mmoja kutoka Urusi, Viktor Grigorovich, alipita Ohrid katika safari ya utafiti, akakutana na mwalimu huyo. Mgeni alitaka kujua habari za lugha ya wenyeji na nyimbo zao. Hapo ndipo mwalimu hodari wa Kigiriki alipotambua kwamba lugha ya mama yake, ambayo hakuwahi kuifundisha, ilikuwa na hazina ambayo mtu wa mbali aliifuata kwa miguu. Tangu wakati huo Dimitar alianza kukusanya nyimbo za wakulima, za harusi, za mavuno na za mashujaa, na hatua kwa hatua akaanza kuiingiza lugha ya wananchi katika shule alizofundisha. Mdogo wake Konstantin, aliyezaliwa mwaka 1830, aliungana naye katika kazi hiyo, kisha akaenda kusoma Moscow.

Nyimbo zile zilizidi 600. Nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa herufi za Kigiriki, maana hizo ndizo herufi ambazo wakusanyaji walizizoea. Hakupatikana wa kuzichapa huko Urusi. Hatimaye Askofu Josip Juraj Strossmayer wa Kroatia, Mkatoliki, alikubali kugharimia uchapaji, lakini ilibidi nyimbo zote ziandikwe upya kwa herufi za Kisirili, na Konstantin akakaa chini akaziandika. Wanaojua kazi ya kuzitoa tendi za kale za Kiswahili katika herufi za Kiarabu na kuzitia katika herufi za Kirumi wataelewa huo ulikuwa mzigo wa namna gani. Kitabu kilitoka Zagreb mwaka 1861.

Furaha haikudumu. Mwaka huo huo Dimitar alikamatwa kwa mashtaka ya uchochezi na kupelekwa Constantinople, jiji ambalo leo ni Istanbul. Konstantin, badala ya kubaki mahali pa salama, alimfuata ndugu yake ili amtetee, naye akatiwa ndani. Wote wawili walifia gerezani Januari 1862.

Ni haki kusema kwamba kitabu chao kilichapwa kwa jina la nyimbo za Wabulgaria, na kwamba mpaka leo wasomi wa Bulgaria na wa Makedonia ya Kaskazini wanagombania utaifa wa ndugu hao. Ugomvi huo hautaamuliwa hapa. Mwalimu aliyekufa kwa sababu ya lugha ya wanafunzi wake ana warithi zaidi ya mmoja, na hilo si jambo la aibu kwa yeyote.

Kilichofuata ni miaka 80 ya kungoja. Dola ya Kituruki iliondoka. Ufalme wa Yugoslavia ulipokuja, shule zikafundisha kwa Kiserbia. Mwaka 1939 Kočo Racin, mtoto wa mfinyanzi na mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, alichapisha kijitabu cha mashairi kwa lugha ya watu wake, lugha ambayo serikali haikuitambua. Alikufa mwaka 1943 katika vita vya ukombozi. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Agosti 1944, wapiganaji wa ukombozi walikutana katika nyumba ya watawa, wakatangaza kwamba Kimakedonia ndiyo lugha rasmi ya jamhuri yao. Alfabeti iliidhinishwa Mei 1945, na kanuni za tahajia zikafuata mwezi Juni. Miongoni mwa waliokabidhiwa kazi hiyo alikuwamo Blaže Koneski, kijana wa miaka 23, mshairi, ambaye baadaye aliandika sarufi ya lugha hiyo na kuwa rais wa kwanza wa akademia ya taifa lake.

Tangu alfabeti hiyo mpaka jioni za kwanza za Struga haikupita miaka 20. Mtu mwenye busara ya kawaida angeshauri vingine. Angesema: lugha hii bado ni mtoto, ipewe kwanza kamusi, ipewe istilahi, ipewe vitabu vya kiada, na baada ya miaka 50 itaweza kukutana na lugha za wakubwa. Wamakedonia hawakusubiri. Mwanzo walikutana wao kwa wao, kuwakumbuka ndugu Miladinov. Mwaka 1963 wakaalikwa washairi wa Yugoslavia nzima. Mwaka 1966 mkutano ukawa wa kimataifa, na ikaanzishwa tuzo iitwayo Shada la Dhahabu, ambayo hupewa mshairi aliye hai kwa kazi ya maisha yake.

Orodha ya waliovikwa shada hilo yatosha kumfunga mdomo mwenye mashaka. W. H. Auden alitunukiwa mwaka 1971, Pablo Neruda 1972, Eugenio Montale 1973. Wamo pia Yannis Ritsos wa Ugiriki, Adonis wa Syria, Mahmoud Darwish wa Palestina na Nancy Morejón wa Kuba. Wawili kati ya waliotunukiwa, Montale na Tomas Tranströmer wa Sweden, walipewa shada la Struga kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel. Mmoja alitangulia kwa miaka miwili na mwingine kwa minane. Yaani kuna nyakati ambapo mji mdogo wa ziwani uliona kabla ya Stockholm.

Lakini jina linalostahili kukaziwa macho ni la mwaka 1974, Fazıl Hüsnü Dağlarca. Huyo alikuwa Mturuki, na aliandika Kituruki. Miaka 112 baada ya ndugu Miladinov kufia katika gereza la dola ya Kituruki, mji waliozaliwa ulimvika shada mshairi wa Kituruki, na mashairi yake yakasomwa kwa lugha ambayo dola ile haikuipa shule. Hotuba nyingi za urafiki wa mataifa hazijafikia tendo hilo moja.

Na Afrika je? Kati ya mwaka 1966 na mwaka 2020 Waafrika wawili walitunukiwa. Wa kwanza ni Léopold Sédar Senghor, mwaka 1975, akiwa bado Rais wa Senegal. Wa pili ni Mongane Wally Serote wa Afrika Kusini, mwaka 2012, mpigania uhuru ambaye makaburu walimweka kizuizini miezi tisa bila kumfikisha mahakamani. Wote wawili wanastahili heshima waliyopewa. Hata hivyo hapana budi kusema lililo dhahiri: Senghor alitunga kwa Kifaransa na Serote kwa Kiingereza. Mturuki alifika Struga na Kituruki chake, Agyeya wa India alifika na Kihindi mwaka 1983, Mwalbania Fatos Arapi alifika na Kialbania mwaka 2008. Afrika ilifika mara mbili, na mara zote mbili ilifika na lugha za waliokuwa watawala wake. Waandaaji wa Struga wasilaumiwe peke yao. Mgeni huitwa kwa jina analojulikana nalo, na kama mashairi ya Kiswahili hayajatafsiriwa na wenye Kiswahili, haijulikani watu wa Struga wangeyasoma wapi.

Hapa inafaa kueleza namna kazi yenyewe inavyofanyika, kwa maana watu wengi wakisikia neno tamasha hufikiri ngoma, vinywaji na fulana. Mkutano hufunguliwa kwa kusomwa shairi la Konstantin Miladinov, ambalo alilitunga akiwa Urusi, katika baridi, akitamani jua la kusini alikozaliwa. Kila mwaka ni shairi hilo hilo. (Wanaofahamu jinsi makongamano yanavyoweza kupoteza asubuhi nzima kwa kumngoja mgeni rasmi wana haki ya kuona wivu kidogo.) Mshindi wa shada hupewa jioni yake katika Kanisa la Mtakatifu Sofia mjini Ohrid, jengo la karne ya 11 ambalo liliwahi kuwa kanisa, likawa msikiti, na sasa hupokea mashairi. Mashairi yake huchapwa kuwa kitabu kwa Kimakedonia. Naye hupanda mti katika bustani iliyo karibu na mto, na mti huo hubaki na jina lake.

Kwa hiyo kabla ya jioni moja ya kusoma kuna miezi ya watu kukaa faraghani na maandishi. Mtafsiri wa Kimakedonia anayepewa mashairi ya Auden au ya Ooka hulazimika kutafuta ndani ya lugha yake vitu ambavyo hakuna mkulima wala karani aliyewahi kuvihitaji. Hutafuta neno la ukungu wa namna fulani, au la aibu ya namna fulani. Akilikosa, hulichimbua katika nyimbo za kale au katika lahaja ya kijiji cha jirani, au hulitunga. Neno hilo likisomwa darajani na likakubaliwa na masikio ya watu, limezaliwa. Kamati ya istilahi yaweza kutunga maneno 1,000 ya ufundi yakalala kabatini. Neno lililosikika usiku, kando ya maji, kinywani mwa msomaji hodari, huenda nyumbani na wasikilizaji.

Upande wa pili wa kazi hiyo uko Ohrid, mwendo mfupi kutoka Struga. Huko, tangu miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Skopje huendesha semina ya kiangazi ya lugha, fasihi na utamaduni wa Kimakedonia kwa wageni. Mpolandi, Mrusi, Mchina hukaa majuma kadhaa wakijifunza lugha ya watu wasiofika milioni mbili. Wengine wao hugeuka kuwa watafsiri. Ndivyo njia inavyokuwa ya kwenda na kurudi: mashairi ya dunia huingia kupitia Struga, na fasihi ya Makedonia hutoka kupitia Ohrid.

Isidhaniwe kwamba kila kitu ni safi. Shada lenyewe lilitolewa kwa miaka 22 kabla ya kukumbukwa kwamba wanawake nao hutunga. Wa kwanza alikuwa Desanka Maksimović, mwaka 1988. Wakati wa Yugoslavia, nchi iliyokuwa mstari wa mbele katika siasa ya kutofungamana na upande wowote, uchaguzi wa wageni ulilingana vizuri kidogo kupita kiasi na ramani ya marafiki wa serikali. Tena kumtunuku mtu ambaye dunia nzima imekwisha kumsifu si ushujaa mkubwa sana. Lakini Yugoslavia ilivunjika, Makedonia ikajitenga mwaka 1991, mwaka 2001 wananchi wake Wamakedonia na Waalbania wakapigana na kisha kutiliana sahihi ya amani kwa mkataba ulioitwa kwa jina la Ohrid, mwaka 2019 nchi ikabadilisha hata jina lake; na jioni za Struga zikaendelea. Kitu kilichopona mabadiliko yote hayo hakiwezi kuitwa pambo la serikali.

Kiswahili hakiko katika hali ya Kimakedonia cha mwaka 1945. Kina tendi za karne kadhaa, kilisanifishwa tangu miaka ya 1930, Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu mwaka 2021 UNESCO imekitengea siku yake, tarehe 7 Julai. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, katika miaka ile ile ambayo watu wa Struga walikuwa wakianza kukusanyika kwa ajili ya mwalimu wao. Kwa miongo mingi kurasa za mashairi za magazeti zimekuwa uwanja wa malumbano ambao nchi chache zinaweza kujivunia. Karani wa bohari alijibiwa na mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu akajibiwa na baharia, wote kwa vina na mizani.

Tatizo ni kwamba malumbano hayo yalikuwa ya nyumbani. Mwalimu Nyerere alionyesha njia nyingine pale alipotafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya kwanza mwaka 1963 na ya pili mwaka 1969, akiwa na kazi ya kuongoza nchi. Watu walisifu, kisha wakamwachia yeye. Waliomfuata katika njia hiyo ni wachache mno kwa lugha yenye wasemaji wengi kiasi hiki. Ushahidi mchungu kuliko wote uko karibu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alichapisha riwaya yake Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Habari zake ni za pwani na bara ya nchi hii. Ilimfikia msomaji wa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni miaka 28, na ilingojwa mpaka Stockholm ilipokwisha kusema neno lake mwaka 2021. Ikiwa mtoto wa nyumbani aligonga mlango miaka 28, mgeni kutoka Japani atangoje mingapi?

Tuzo sasa zipo. Serikali yenyewe ilianzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na washindi wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini tuzo humpata mtu aliyekwisha kuandika. Mwalimu anayesahihisha madaftari 90 kila jioni, au ofisa tarafa anayelala na simu ya kazi kichwani pake, hana upungufu wa vipaji; ana upungufu wa siku kumi mfululizo ambazo hakuna mtu atakayemtafuta. Siku kumi kando ya maji, pamoja na wenzake, na pamoja na mgeni mmoja au wawili ambao mashairi yao ni lazima yawe ya Kiswahili kabla ya usiku wa mwisho. Tanga, mkoa aliozaliwa Shaaban Robert, una bahari na una nyumba za wageni. Haina haja ya kujengwa ukumbi. Struga wanatumia daraja.

Watafsiri watapatikana wapi? Hilo ndilo swali ambalo watumishi wa Wizara huliuliza kwanza, nao wana haki. Sehemu ya jibu iko Zanzibar. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo siku hizi ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imefundisha wageni Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mjerumani, Mkorea, Mwitalia huja, hujifunza, huzungumza na wauza samaki wa Darajani bila kukosea ngeli, kisha hupanda ndege. Kila mmoja wao ana washairi wa kwao anaowapenda. Akipewa kazi ya kuleta shairi moja tu la lugha yake kwa Kiswahili kabla hajaondoka, akakaa na mwalimu wake wakalinyoosha mpaka likasomeka, gharama yake ni karatasi na majuma mawili ya subira. Kazi hiyo ikifanywa miaka mitano, usiku wa kwanza wa Tanga utakuwa na cha kusomwa.